Mtunzi na Hukumu ya Kazi Yake

Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Methali hii husema kweli juu ya watu walio wengi, wala haikukusudiwa kusema juu ya wote. Alikuwako mtu aliyewamba ngoma ikasikika katika nchi nyingi za dunia, na badala ya kuivuta ngozi upande wake akaisukuma mbali, akanena kwamba kwa maoni yake ngoma ile haikuwa kitu kikubwa. Mtu huyo ni Robert Lowry, mchungaji wa Kanisa la Kibatisti katika Marekani, aliyezaliwa Philadelphia tarehe 12 Machi 1826 akafariki Plainfield, katika jimbo la New Jersey, tarehe 25 Novemba 1899. Jina lake halitajwi sana. Nyimbo zake huimbwa kila Jumapili na watu ambao hawajapata kulisikia jina hilo hata mara moja, na waimbaji wa Kiswahili wamo katika hesabu yao: ashikaye kitabu cha Tenzi za Rohoni akaimba utenzi uitwao Nina Haja Nawe huimba mahadhi ya Lowry, ajue asijue.

Kisa chake huleta swali lisilowahusu wanamuziki peke yao. Mtu anaweza kufanya kazi mbili katika maisha yake, moja aipendayo na kuitolea nguvu zake zote, na ya pili aifanyayo pembeni, katika saa zilizosalia. Kisha ulimwengu ukaisahau ile ya kwanza na kuishika ile ya pili. Hapo ni nani aliyehukumu kwa haki? Ni mtenda, anayejua jasho lake lilimwagika wapi, au ni ulimwengu, unaojua ni kitu gani kilichoufaa? Tena, mtenda akiidharau kazi ambayo wengine wameifanya kuwa tegemeo la nafsi zao, je, ana haki ya kuidharau kwa sababu ni yake? Au kazi ikisha kutoka mkononi mwa mtu hugeuka amana, naye hana tena ruhusa ya kuitupa? Afundishaye na kuandika hawezi kulipita swali hili kama mpita njia, maana naye hajui ni lipi kati ya maneno yake litakalobaki.

Lowry hakutaka kuwa mtunga nyimbo. Alitaka kuwa mhubiri, na akawa. Alijiunga na Kanisa la Kibatisti la mji wa kwao alipokuwa na umri wa miaka 17, akaingia chuo kikuu cha Lewisburg, Pennsylvania, ambacho siku hizi huitwa Bucknell, akahitimu mwaka 1854 na kushika kazi ya uchungaji. Alitumikia West Chester, kisha mji wa New York, kisha Brooklyn, ambako aliliongoza kanisa la Hanson Place tangu mwaka 1861 mpaka 1869. Baadaye alirudi Lewisburg kufundisha fasihi na ufasaha katika chuo kilichomlea, huku akichunga kanisa. Mwaka 1875 akatunukiwa udaktari wa elimu ya dini, na makao yake ya mwisho yakawa Plainfield. Waliomsikia walimsifu kuwa msemaji hodari, mwenye kipawa cha kuchora picha kwa maneno hata msikilizaji akadhani anaiona kwa macho. Mtu wa namna hii akisema kuwa mimbari ndiyo kazi yake, hasemi kwa kujikweza. Alisema wazi kwamba angependelea kutoa hotuba moja ya Injili mbele ya watu walio tayari kusikia kuliko kutunga wimbo. Muziki ulikuwa jambo la pembeni. Hata elimu yake hakuisomea kwa bidii ila baada ya nyimbo zake kuanza kupendwa, na alipotakiwa kuhariri vitabu vya nyimbo vya wachapaji Biglow na Main, baada ya William Bradbury kufariki mwaka 1868. Basi sifa ilitangulia, mafunzo yakafuata. Mambo yalikwenda kinyume cha kawaida.

Wimbo uliomtangulia kwa sifa ulizaliwa mwezi Julai 1864. Brooklyn wakati huo ulikuwa mji wenye utawala wake, haujaunganishwa bado na New York. Joto lilikuwa kali. Nchi ilikuwa katika mwaka wa nne wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mjini mlikuwa na maradhi yaliyokuwa yakiwachukua watu. Katika siku kama hizo mchungaji huwa mtu wa mazishi kuliko kuwa mtu wa harusi. Alasiri moja Lowry alijilaza kwenye kochi, mwili umechoka, mawazo yakamwendea kwenye mwisho wa mambo yote. Akajiuliza ni kwa nini watunga nyimbo wametunga mengi juu ya mto wa mauti na machache sana juu ya mto wa maji ya uzima, ambao Ufunuo, sura ya 22, husema kuwa hutoka katika kiti cha enzi cha Mungu. Swali lile halikuwa dogo. Fikra ya mto wa mauti ilikuwa imekita mizizi katika dini ya Waprotestanti wa lugha ya Kiingereza. John Bunyan aliuweka mto huo mwishoni mwa safari ya Msafiri wake, naye kila msafiri huingia majini kwa hofu yake mwenyewe. Mto wa mauti hutenga: wengine hubaki ukingo huu, na mmoja huvuka. Mto wa uzima ni mahali pa kukutania. Mtu aliyekuwa akizika watu kila juma alichoka kutazama mto utengao, akageuza uso kuutazama mto ukusanyao. Maneno yakaja kwa umbo la swali na jibu, na mahadhi yakaja nayo, akakiendea kinanda.

Huo ndio wimbo unaojulikana kwa Kiingereza kwa jina la Shall We Gather at the River. Ulichapishwa mwaka 1865 katika kitabu cha watoto kiitwacho Happy Voices, na inasimuliwa kwamba mwaka huo huo, siku ya sherehe ya watoto wa shule za Jumapili katika Brooklyn, uliimbwa na sauti zaidi ya 40,000. Umbo lake ni jepesi. Mahadhi hupanda na kushuka kwa hatua fupi. Hayamdai mwimbaji sauti ya kupaa wala pumzi ndefu. Ubeti huuliza, kiitikio hujibu, kama mfano wa ngoma yoyote yenye msemaji na waitikiaji. Mwendo wake ni wa kwata: mguu huujua kabla ya akili.

Hapo ndipo Lowry alipoutoa kasoro. Alisema kwamba ni muziki wa tarumbeta, wenye mwendo wa gwaride, na kwamba umependwa kwa sababu hiyo. Ama yeye mwenyewe, hauthamini sana. Msomaji anaweza kuyachukua maneno haya kuwa unyenyekevu wa kawaida, ule wa mwenyeji asemaye kuwa chakula hakitoshi huku sinia limejaa. Lakini hayasikiki hivyo. Mnyenyekevu wa desturi husema kwa jumla. Lowry alitaja kasoro kwa jina lake. Hiyo ni lugha ya fundi. Na kama fundi, alisema kweli. Mahadhi yale ni ya gwaride, na gwaride hupendwa na watu kwa sababu zisizo na uhusiano na ukweli wa maneno yaimbwayo. Wanajeshi wa pande mbili zenye uadui huweza kutembea kwa mwendo mmoja. Kwa hiyo Lowry aliyakataa mapenzi ya watu yasiwe ushahidi, na katika hilo alikuwa mwadilifu kuliko watunzi wengi wasemao kuwa chema chajiuza, kana kwamba kibaya nacho hakijapata kuuzika.

Lakini kuna jambo ambalo fundi halioni kwa sababu ya ufundi wenyewe. Fundi huitazama kazi kutoka upande wa mikono iliyoifanya. Hujua ni wapi alipopita njia ya mkato na ni wapi maneno yalipokuja bila kuhangaika, naye huelekea kukidharau kilichomjia kwa urahisi. Lowry alipoulizwa namna anavyotunga, alijibu kwamba hana namna. Aliandika popote lilipomjia jambo, nyumbani au njiani, na mara nyingi ukingo wa gazeti au mgongo wa bahasha ulikuwa ndio daftari lake. Alisema kichwa chake ni kama mashine ya kusokota nyuzi, muziki hupita ndani yake wakati wote. Ni vigumu kwa mtu kukiheshimu kilichoandikwa mgongoni mwa bahasha. Hotuba, kwa upande mwingine, huandaliwa juma zima, na mwenye kuiandaa huipima kwa usiku alioupoteza. Basi hukumu ya Lowry juu ya kazi zake mbili ilikuwa, kwa sehemu, hukumu juu ya taabu yake. Na taabu si kipimo cha thamani. Kisima kilichochimbwa kwa mwaka mzima na chemchemi iliyobubujika yenyewe huzima kiu ile ile.

Yeye mwenyewe alisimulia jambo lililoutikisa msimamo wake, ingawa halikuubomoa. Alikuwa akisafiri kwa gari la moshi kutoka Harrisburg kwenda Lewisburg, akaingia katika behewa lililojaa wakata miti waliokuwa nusu wamelewa. Mara mmoja wao akauanza wimbo ule wa mto. Wenziwe wakaitikia, wakaurudia na kuurudia kwa makelele, kiitikio wakakipigia kelele kama watu wa ngoma ya usiku. Mtunzi ameketi miongoni mwao, hakuna amjuaye. Mtu wa majivuno angaliona fahari. Mtu wa dini kali angaliona kufuru. Lowry asema kwamba wakati ule hakuufikiria sana muziki. Alifikiri kuwa pengine roho ya maneno yale, yaliyokuwa yakitamkwa bila kujali, ingeweza kusalia ndani ya watu wale na siku moja kuwainua kulifikia tumaini lililomo ndani yake. Aliisikia kazi yake kwa mara hii kutoka upande wa pili, upande wa koo zilizoiimba, na alipoisikia kutoka huko lile suala la tarumbeta na gwaride likamtoka. Hakusema kwamba wimbo ni mzuri. Alisema kwamba wimbo una kazi ambayo hajui mwisho wake. Maneno hayo mawili hayalingani, na tofauti yake ni kubwa.

Walioandika nyimbo pamoja na Lowry nao walipata kujifunza hayo, na mmoja wao alijifunza kwa bei ghali. Annie Hawks alikuwa mshiriki wa kanisa la Brooklyn, mke na mama wa nyumba, ambaye mchungaji alimtia moyo aandike mashairi. Asubuhi moja ya mwezi Juni 1872, akiwa katika shughuli zake za nyumbani, alijiwa na maneno ya kumhitaji Mungu kila saa. Alikuwa na furaha siku hiyo; hakuwa na msiba wowote. Alimpa Lowry maneno, Lowry akayatilia mahadhi na kuyaongezea kiitikio. Wimbo ukaenea, ukawa faraja ya wafiwa na wagonjwa, na mwandishi akastaajabu, asijue ni kitu gani walichokiona humo. Mwaka 1888 mumewe alifariki. Baada ya hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, ndipo alipoelewa nguvu ya faraja iliyokuwa katika maneno aliyoyaandika wakati wa raha. Aliyatunga kwa ajili ya watu asiowajua, na miaka 16 baadaye akawa mmoja wao. Mfano huu watosha kuonyesha kwamba mtunzi hana daima ufunguo wa nyumba aliyoijenga. Huenda akausubiri mlangoni kama mgeni mwingine yeyote. Na lau Hawks angaliuchana wimbo ule kabla ya mwaka 1888, kwa kuona kuwa haukutokana na mateso ya kweli, angaliwanyima wengine faraja, na nafsi yake pia.

Kazi ikisha kutoka hutembea hata kwa wasioitakia mema. Charles Ives aliyachukua mahadhi ya mto akayaingiza katika sonata yake ya nne ya fidla, akayavunja na kuyaunga kama mtu akumbukaye utoto. Aaron Copland akayapanga upya mwaka 1952 kwa heshima na utulivu, na gwaride likapungua. Katika sinema, John Ford aliyatumia tena na tena kuwa alama ya kijiji cha watu wema. Kisha mwaka 1969 Sam Peckinpah, katika filamu ya The Wild Bunch, akawaleta watu wa chama cha kupinga ulevi wakiandamana kwa wimbo huo, tena kwa tarumbeta, moja kwa moja hadi katikati ya risasi. Peckinpah alikiona kile kile alichokiona Lowry: kwamba gwaride halijui liendako. Hukumu ya mtunzi ilithibitishwa, miaka 70 baada ya kifo chake, na mtu aliyetaka kuwadhihaki waimbaji.

Mahadhi mengine yake yalipatwa na makubwa zaidi. Mwaka 1868 gazeti moja la New York lilichapa shairi lililotiwa jina la Pauline T.; Lowry akalitungia mahadhi, yakatoka mwaka uliofuata katika kitabu cha Bright Jewels, na kwa Kiingereza wimbo huo huitwa How Can I Keep from Singing. Katika karne ya 20 ulifika mikononi mwa Doris Plenn, aliyeutilia ubeti mpya juu ya marafiki walio kifungoni, na Pete Seeger akauimba kama wimbo wa watu wapingao dhuluma. Mwaka 1991 mwimbaji wa Ireland, Enya, akaurekodi akidhani kuwa ni wimbo wa jadi. Wenye kudai haki za ubeti wa Plenn wakashtaki, na mwaka 1995 mahakama ya rufani ya Marekani ikaamua kwamba ubeti huo ulikuwa umekwisha kuwa mali ya umma. Wanasheria walibishana juu ya ubeti mmoja. Mchungaji wa Plainfield, aliyetunga mahadhi yote, hakuwa na wa kumdai wala wa kumtetea. Na huenda hili lingalimpendeza.

Hata hivyo mtu asiharakishe kusema kwamba ulimwengu ulihukumu vema na Lowry alikosea. Hoja hiyo ni nyepesi mno, na imejengwa juu ya udanganyifu mmoja ambao wasomi hasa huwa wepesi kuufuata. Wimbo umebaki, hotuba zimepotea. Basi, husemwa, wimbo ndio uliokuwa mkubwa. Lakini nani aliyesema kwamba kubaki ndiko ukubwa? Historia huishi kwa karatasi, na kwa hiyo huvipenda vitu vikaavyo katika karatasi. Hotuba haikutungwa ikae. Ilitungwa iliwe siku ile ile, kama mkate, na mkate ulioliwa haulaumiwi kwa kutoonekana kesho. Mfanyakazi wa Brooklyn aliyeingia Hanson Place mwaka 1864, mwanawe yuko vitani, akatoka na nguvu za kuishi juma moja zaidi, alipokea kitu kizima. Hakikupunguka kwa sababu hakikuandikwa. Jengo lile la Hanson Place limesimama hata leo na nguzo zake ndefu, na tangu mwaka 1963 ni kanisa la Waadventista wa Siku ya Saba. Lililosemwa humo na Lowry kwa miaka 8 halimo tena katika kuta. Lilikwenda na watu, watu wakaenda nalo. Mwalimu yeyote huijua hali hii: saa elfu za darasani huyeyuka katika vichwa vya wanafunzi na kuwa mali yao, kisha jina lake likatajwa kwa ajili ya makala moja aliyoiandika kwa haraka. Akikataa kukubali kuwa makala ile ndiyo maisha yake, hana kiburi wala upofu. Anawatetea watu waliokuwa mbele yake.

Kwa hiyo Lowry alikuwa na haki ya kuipenda mimbari zaidi. Tena, pana sababu ya kudhani kwamba nyimbo zilinufaika kwa kupendwa kidogo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtunzi aliyejiona mtunzi, mwenye kulinda jina lake mbele ya mafundi wenziwe, angaliona haya kuutoa wimbo mwepesi kama ule wa mto. Angaliutilia mapambo, angalipandisha sauti pale ambapo mtoto hawezi kuifikia, angaliukimbia mwendo wa gwaride kwa kuwa ni wa watu wote. Lowry hakuwa na jina la kulinda katika muziki. Alitaka watu waimbe neno alilotaka kulihubiri, basi. Mwaka 1874 alitunga wimbo wa ufufuo ambao huanza chini kaburini, kwa sauti nzito na mwendo wa pole, kisha kiitikio huruka juu ghafula kwa mwendo wa haraka; hata mtu asiyejua nota hutambua kaburi limefunguka. Huo ni ustadi wa mhubiri, afahamuye mahali pa kunong'ona na mahali pa kupaza sauti, na wanamuziki wenye elimu kubwa wengi hawanao. Wale wanaosema kwamba hotuba zake zote zimepotea hawajasikiliza vizuri.

Lililosalia ni lile la dharau. Kuiona kasoro ya kazi ni haki ya fundi. Kuitangaza mbele ya aliyezika mtoto wake kwa wimbo ule ni jambo jingine. Baina ya hayo mawili mtu mwema hupita kwa uangalifu, maana kazi iliyokwisha kuingia katika maisha ya wengine imechanganyika na machozi yao, na alitemeaye mate wimbo huwatemea na wao. Lowry, kwa kadiri ya maneno yake yaliyohifadhiwa, aliisema kasoro bila kuwavunja waimbaji. Alisema hathamini sana muziki ule; hakusema tumaini lililomo ni la bure. Alitenganisha chombo na kilichomo, na huenda ni mhubiri tu awezaye kufanya hivyo bila unafiki, kwa kuwa siku zote hubeba kisicho chake.

Mwaka 1880 ulifanyika London mkutano wa ukumbusho wa Robert Raikes, mwanzilishi mashuhuri wa shule za Jumapili, baada ya miaka 100 ya kazi yake. Watu walikuwa wamefika kutoka Ulaya, Asia na Marekani. Lowry aliketi peke yake katika kiti cha nyuma, akasikiliza hotuba za lugha mbalimbali, na zilipokuwa nyingi akajiandaa kuondoka. Wakati huo mwenyekiti akatangaza kuwa mtunzi wa wimbo wa mto yumo ndani ya nyumba, akamwita kwa jina. Wanaume wakapiga makofi, wanawake wakapunga leso, naye akatembea kutoka nyuma hadi jukwaani. Alisema baadaye kwamba heshima ile ilikuwa ya wimbo, lakini yalipokwisha alihisi kuwa pengine amefanya jema dogo duniani, na kwamba yuko radhi kufa Mungu atakapomwita. Alikuwa na umri wa miaka 54. Aliishi miaka 19 zaidi, na mingi ya miaka hiyo aliitumia Plainfield, akihubiri.